Samaki wa Mwanza Ana Stori, Ila Isimuliwe Yote

Mtu akirudi kutoka Mwanza, swali la kwanza kuulizwa ni moja tu: samaki ulikula? Sasa msikilize anavyojibu. Haanzi na chumvi wala ndimu. Anaanza na upepo wa ziwa, mitumbwi iliyoegeshwa, na yule mama aliyemfunulia beseni akamwambia, "Chagua mwenyewe baba, huyu kaingia alfajiri kutoka Ukerewe." Hapo ujue jamaa alikula samaki na stori kwa pamoja.

Siku hizi wenye migahawa mikubwa wanafundishwa kwamba mteja akipewa hadithi, lazima atarudi. Kumbe mama lishe wa ufukweni wanalijua hilo kitambo. Bibi akisema paukwa, watoto hujibu pakawa. Wasipoitikia, hadithi haianzi. Kwa mama lishe ni vilevile. Hakuletei karatasi ya bei. Anakuonyesha sato mzima, unamgusa, mnapatana, na hapo ndipo umeshaitikia. Kisha anakuacha na subira: mafuta yanalia, harufu inapita, ugali unasongwa, wewe unameza mate. Samaki akifika na kichwa chake, kachumbari pembeni, stori imefika patamu. Hata jina mama ntilie limetokana na maneno ya mteja: mama, nitilie!

Ila samaki huyo ana historia ndefu, na sio yote tamu.

Zamani ziwa lilijaa furu, samaki wadogo wa aina mamia. Sangara hakuwa mwenyeji. Aliletwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, enzi za wakoloni, kuanzia upande wa Uganda. Miaka ya 1980 akawa ametapakaa hadi maji ya Tanzania. Furu wakapukutika, na wanasayansi wanakadiria aina kama 200 zilipotea. Mwanzoni watu wengi hawakumpenda huyu mgeni. Ana mafuta mengi, hakaukiki vizuri juani, inabidi akaangwe au abanikwe kwa kuni nyingi. Wanawake waliozoea kuanika samaki wadogo ikabidi wajifunze upya.

Wakajifunza, akazoeleka. Halafu miaka ya 1990 viwanda vya kuchakata samaki vikaota Mwanza. Minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya. Ajira zilikuja, fedha za kigeni zilikuja, hilo halina ubishi. Lakini bei ya sangara ikapanda mpaka mwananchi wa kawaida akabaki kumwangalia tu. Kilichobaki kwa mlaji wa hali ya chini kikaitwa mapanki: kichwa na mifupa baada ya minofu kutolewa. Akina mama wakayanunua, wakayakaanga, wakayauza bei chee. Familia ngapi zilivuka mwezi kwa mapanki!

Mwaka 2004 ikatoka filamu ya Hubert Sauper iitwayo Darwin's Nightmare, iliyopigwa Mwanza. Dunia ikaona mapanki na umaskini wa ufukweni. Filamu ikafika hadi kuwania tuzo ya Oscar. Nyumbani watu wakakasirika, na mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliikosoa hadharani, kwamba imelichafua jina la nchi. Mjadala ukawa mkali. Ila katika kelele zote hizo, sauti ya mama aliyekuwa anageuza mapanki kwenye karai ilisikika wapi? Wageni walimsimulia, viongozi wakamtetea, yeye akaendelea kukaanga.

Leo nenda sehemu za kula za kishua zinazotazama ziwa. Mgeni ataonyeshwa Jiwe la Bismarck, ataambiwa lilipewa jina la Chansela wa Ujerumani, atapiga picha, sahani itafika. Ni sawa, jiwe ni zuri. Lakini Mjerumani huyo hakuwahi kukaanga hata dagaa mmoja Mwanza. Aliyelisha mji ni mama wa Kirumba, mvuvi aliyelala ziwani na karabai, na mchuuzi aliyebeba beseni kichwani.

Mwenye mgahawa akitaka mteja asisahau, asitunge ngano. Amweleze sato katoka kisiwa gani. Amweleze sangara alikujaje, na kwa nini kuna watu walikula mifupa wakati minofu inapaa. Amuite yule mama mwenyewe asimulie, na alipwe kwa kusimulia kama anavyolipwa kwa kupika. Maana stori ikikatwa minofu, mezani yanabaki mapanki.

Mdau, samaki usiyemsahau ulimla wapi, na nani alikusimulia habari zake?