Lakiri na Dungu

Dereva aliyeegesha lori lake pembezoni mwa stendi ya Ifakara alinionyesha kitu alichokuwa amekihifadhi mfukoni: pini ya chuma, nene kama kidole cha mtoto, kichwa chake kimevishwa plastiki ya manjano yenye herufi na namba. Ilikuwa imekatwa vipande viwili.

"Mwalimu," akaniambia, "mimi toka Dar sikubeba mashine za mpunga. Nilibeba hii."

Aliiita lakiri, na mimi nikafurahi kwa sababu zangu. Neno hilo tulilichukua kwa Wareno, ambao kwao ni nta ya kufungia barua. Nta imeondoka, chuma kimeingia, neno halikubanduka. Na kazi ni ileile, maana lakiri haimzuii mwizi, inamsema. Ukiwa na mkasi wa vyuma unaikata mara moja. Kuirudisha ikiwa na namba ileile ndiko huwezi. Karani wa getini hana haja ya kujua kilichomo. Anasoma namba ya mlangoni, anasoma ya kwenye karatasi, basi. Hata mwenye meli hajui: kwenye hati ya shehena huandika kwamba kontena linasemekana lina maboksi kadhaa. Huku kwetu "inasemekana" ni neno la kibarazani, la kumsengenya mtu bila kumtaja msengenyaji. Baharini ni kinga ya kisheria.

Lakiri haiko peke yake. Desemba 2002, mwaka mmoja na ushei baada ya mashambulizi ya Septemba 11 kule Marekani, nchi zilizokutana London chini ya Shirika la Kimataifa la Bahari zilipitisha kanuni za kulinda meli na bandari, zikaanza kutumika Julai 1, 2004. Uzio, vitambulisho, kamera, mpango ulioandikwa, ofisa wa kuusimamia. Kwa Kiswahili tumezizoea kwa jina la kanuni za usalama. Hapo ndipo ninapogomba na watafsiri. Usalama ni hali. Unaamka nayo, unasalimiana kwayo, haina ankara. Kilichoandikwa mle ni ulinzi, na ulinzi ni kazi.

Mkulima wa Kilombero hahitaji kufundishwa tofauti hiyo. Mpunga ukianza kukaza punje, mtu anapanda dunguni alfajiri, kombeo mkononi, makopo yamening'inia kwenye kamba inayovuka shamba zima. Ndege wakitua anaivuta. Kazi hiyo ina kitenzi chake, kuamia, ambacho naona vijana wa mjini wanakisahau. (Ulingo nao, jina jingine la dungu, wamekwishauchukua mabondia na wanasiasa.) Anayeamia lazima ale, na chakula chake kinatoka kwenye mpunga huohuo.

Bandarini ni vivyo hivyo, ila gunia linalomegwa ni la mtu aliye mbali. Kampuni nyingi za meli huweka tozo ya ulinzi kwenye ankara. Kontena likipangiwa kupita kwenye skana, au likifunguliwa likaguliwe, siku zinahesabiwa, na siku za bure zikiisha mwagizaji analipia uhifadhi. Lori linasubiri, dereva analala chini ya tela. Kontena tupu nalo lina tarehe ya kurudishwa. Ndiyo maana wafanyabiashara wengi wa bonde la Kilombero hulifungulia kontena lenye mzigo Dar es Salaam na kuhamishia mzigo kwenye Fuso. Kufika Mikumi, pale malori ya Zambia yanaponyoosha nasi tunakata kushoto kwenda Kidatu, lakiri ilishabaki nyuma.

Shughuli yote hiyo ya kutoa mzigo tunaiita kugomboa. Sikilizeni neno lenyewe. Ni ndugu wa kukomboa: unakomboa shamba lililowekwa rehani, unakomboa mateka. Wazee waliolipeleka forodhani hawakukosea hata kidogo. Mzigo ni wako, umeulipia, na bado unautolea fidia.

Na dungu linatazama ndege, halimtazami aliyelikalia. Novemba 2015 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitokea ghafla bandarini Dar es Salaam akiuliza habari za makontena 349 yaliyotoka bila kulipiwa kodi. Kanuni za London zilikuwa zimetumika miaka 11. Uzio haukurukwa.

Nilimwuliza dereva kwa nini hajaitupa ile pini, mzigo si umeshashushwa?

"Tajiri hajamaliza kuhesabu maboksi," akasema, akairudisha mfukoni.

Nyuma yake lilikuwapo kontena kuukuu lililogeuzwa duka la vocha na unga. Kwenye tundu ilipopita lakiri ya safari yake ya mwisho lilining'inia kufuli la kawaida, na kando, kwenye benchi, mlinzi mwenye koti zito alikuwa amesinzia.