Lishe ya mafuta katika tiba ya kifafa cha watoto wachanga

MTOTO mchanga anapokakamaa na kugeuza macho, wazazi wengi wa Likoni, Kisauni na Changamwe husema ameshikwa na dege. Wapo wanaoamini kuwa ni pepo, wakaanza kwa mganga kabla ya kufika hospitalini. Kitabibu, degedege linaloletwa na homa si sawa na kifafa. Kifafa ni maradhi ya ubongo yanayomtukutisha mtoto mara kwa mara hata asipokuwa na homa. Utafiti uliofanywa katika kaunti jirani ya Kilifi umeyahusisha maradhi haya na matatizo wakati wa kuzaliwa pamoja na majeraha ya kichwa.

Tiba ya kwanza kwa kawaida ni dawa, ikiwemo fenobabitoni. Mtoto asipopata nafuu baada ya kujaribiwa dawa mbili zinazomfaa, ndipo madaktari hufikiria lishe ya ketoni.

Asili yake

Mwaka 1911, madaktari Guelpa na Marie wa Ufaransa waliripoti kuwa kujinyima chakula kulipunguza kifafa. Mwaka 1921, Dkt Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, alipendekeza chakula chenye mafuta mengi na wanga kidogo mno, ili mwili ufanye kazi kama wa mtu aliyefunga bila kukosa lishe. Dawa ya fenitoini ilipogunduliwa mwaka 1938, lishe hiyo ilififia hadi ilipofufuliwa miaka ya 1990.

Inavyofanya kazi

Wanga ukipungua, ini huyageuza mafuta kuwa ketoni, nazo huulisha ubongo badala ya sukari. Kwa watoto wachanga, kipimo cha kawaida ni gramu 3 za mafuta kwa kila gramu 1 ya protini na wanga kwa pamoja. Maziwa ya mama yana sukari, hivyo hupimwa na kuchanganywa na maziwa maalumu.

Matokeo

Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2008 ulihusisha watoto 145 wa miaka 2 hadi 16. Baada ya miezi mitatu, asilimia 38 ya waliokula lishe hiyo walipungukiwa na kifafa kwa zaidi ya nusu, ikilinganishwa na asilimia 6 ya wenzao. Hata hivyo, utafiti wa mwaka 2023 kuhusu watoto 136 wa chini ya miaka miwili haukuona tofauti kati ya lishe na kuongezewa dawa nyingine. Lishe ndiyo tiba ya kwanza pale ambapo mtoto amezaliwa na kasoro inayozuia sukari kuingia ubongoni.

Tahadhari

Mzazi asijaribu tiba hii nyumbani. Mafuta ya nazi huzalisha ketoni kwa urahisi, lakini kumnywesha mtoto tui si tiba. Wapo watoto waliozaliwa na miili isiyoweza kuyatumia mafuta, na kwao lishe hii huweza kuua. Ndiyo maana damu hupimwa kwanza. Madhara mengine ni kutapika, kufunga choo, sukari kushuka, mawe ya figo na kudumaa. Kijiko kimoja cha uji, au dawa ya maji yenye sukari, chaweza kuharibu mpango mzima.

Aidha, lishe hudai kupimwa uzito, damu na mkojo mara kwa mara. Mama wa Likoni anayelazimika kuvuka feri kufika Hospitali ya Rufaa ya Pwani kisiwani hana budi kuuliza mapema gharama za safari, za maziwa na za vipimo.

Mtoto akishikwa, mlaze kwa ubavu wala usimtie kitu kinywani. Hali ikizidi dakika tano, mkimbize hospitali iliyo karibu. Mtoto anayeinamisha kichwa na kurusha mikono kwa mfululizo aamkapo apelekwe siku hiyo hiyo, kwani kuchelewa huathiri akili. Dawa alizoandikiwa zisisimamishwe ghafla, hata lishe ikionekana kufaulu.