Mgongo wa tekeli: makosa ni ya nani?

Bandugu, leo historia yetu si ya wafalme wala ya vita. Ni ya mbwa. Najua kuna wenye watacheka, lakini mungoje kidogo.

Bukavu, munajua, ni mji wa milima na ngazi. Kuna wakati nilikuwa naishi karibu na parseli ya mama mmoja mgeni aliyekuwa na mbwa mdogo, mwili mrefu, miguu mifupi kabisa. Wafaransa wanaiita teckel, na sisi tukasema tekeli. Kila asubuhi sentineli alikuwa anaibeba mikononi kushuka ngazi, sawa mtoto mchanga. Sisi vijana tulicheka sana. Siku moja ile mbwa ikaamka haiwezi kusimama na miguu ya nyuma. Mama akasema: ni sentineli aliiacha iruke. Papa wa watu akakatwa nusu ya mshahara wa mwezi. Ile swali ikabaki ndani yangu: makosa ilikuwa ya nani? Nimesoma, na sasa naona kama makosa ile ina umri kuliko sentineli, tena haikuanzia Bukavu.

Ilianzia Ujerumani. Kule kuna mnyama anaitwa Dachs, ndugu wa mbali wa nyegere wetu, mwenye kuchimba mashimo marefu chini ya ardhi na kujificha ndani. Mwindaji alihitaji mbwa wa kumfuata mule mule, ndani ya giza, na kupigana naye bila nafasi ya kugeuka. Njo jina Dachshund: mbwa wa Dachs. Walinzi wa misitu wakawa wanachagua wenye kuzaliwa na miguu mifupi, wanawapandisha pamoja, kizazi juu ya kizazi. Hakuna aliyekuwa anafikiri mgongo. Walitaka mbwa wa kuingia shimoni, wakampata.

Karne ya 19 mambo ikabadilika. Malkia Victoria alizipenda, na kisha yeye matajiri wa Uingereza wakazitaka. Ile mbwa ya msitu ikaingia saloni. Mwaka wa 1879 Wajerumani waliandika kwa mara ya kwanza sheria ya umbo: tekeli ya kweli inapaswa kuwa namna gani. Waingereza walianzisha klabu yao 1881, Wajerumani wenyewe 1888. Na hapa, kwa maoni yangu, njo pale jambo lilianza kuharibika. Shimo lenyewe lilikuwa linaweka mpaka: mbwa mrefu kupita kiasi ao dhaifu wa mgongo hatoki mule. Lakini kwa maonyesho, mwamuzi anaangalia kwa macho tu, na jicho la mtu likishapenda kitu kirefu, linatafuta kirefu zaidi. Nisiwaonee Wajerumani: sheria yao ya leo inasema urefu wa mwili usizidi mara 1.8 ya kimo, na kifua kisikaribie udongo sana. Waliona hatari. Ila sheria kwenye karatasi na mbwa kwenye uwanja ni mambo mawili, na sisi Wakongomani hakuna haja ya kutufundisha ile.

(Vita ya 1914 sitaikalia. Juu Kaiser Wilhelm II alikuwa na tekeli zake, Uingereza na Marekani watu walianza kuzitukana mitaani kama wapelelezi. Mwaka wa 1972 zikarudishiwa heshima: Waldi, tekeli ya rangi nyingi, ilikuwa alama ya michezo ya Olimpiki ya Munich.)

Sasa tuingie ndani ya mgongo. Kati ya pingili na pingili kuna kitu kama mto mdogo, madaktari wanaiita disiki. Inje ni ngozi ngumu, katikati ni laini sawa ute. Ukiruka, ule ute unapokea uzito. Juu yake tu kunapita ule ugwe wa fahamu wenye kupeleka amri ya kichwa mpaka miguuni. Mwaka wa 1896 daktari wa wanyama Hermann Dexler alifungua mbwa waliopooza akakuta vipande vigumu vimebana ule ugwe. Aliona vizuri, lakini akaelewa vibaya: alifikiri ni gegedu lenye kuota, sawa uvimbe. Ilipita karibu miaka 40. Mwaka wa 1934 madaktari wawili wa Boston, Mixter na Barr, walionyesha kama kwa binadamu disiki inaweza kupasuka na kumwaga kitu cha ndani juu ya mishipa ya fahamu. Hapo njo wa wanyama wakarudi kuangalia upya.

Mwenye kumaliza mabishano ni Msuedi, Hans-Jörgen Hansen, katika maandishi yake ya 1951 na 1952. Aligawa mbwa makundi mawili. Kwa mbwa wa kawaida, disiki inazeeka polepole sawa ya binadamu, inavimba kidogo kidogo. Lakini kwa tekeli na wenzake wa miguu mifupi, ule ute unaanza kugeuka gegedu kabla mbwa hajatimiza mwaka mmoja, kisha unakuwa mgumu sawa chokaa. Musome tena: kabla ya mwaka mmoja! Mtoto wa mbwa angali anacheza na viatu, mgongo wake umeshaanza kuzeeka. Ugonjwa wenyewe unatokea zaidi kati ya miaka 3 na 7, na karibu tekeli moja juu ya tano inaupata. Siku inapopasuka, inaweza kuwa ngazi, inaweza kuwa kanape, inaweza kuwa kugeuka tu usingizini.

Basi, ile asubuhi ya Bukavu, sentineli alikuta kitu chenye kilikuwa kinapikwa tangu miaka.

Na hapa tunafika kwa swali la kuzuia, lenye lina historia yake pia. Wasuedi wa wakati wa Hansen, Olsson zaidi, walijaribu kisu: kutoboa disiki na kuondoa ule ugumu kabla haujamwagika. Kwa wenye mbwa nyumbani, shauri lilikuwa moja, linarudiwa mpaka leo: asipande ngazi, asiruke kanape, umubebe. Ilikuwa inasikika na akili. Lakini 2016 Uingereza ilitoka utafiti juu ya tekeli zaidi ya 2,000, wenyewe walijibu maswali juu ya maisha ya mbwa wao. Matokeo yalishangaza: wenye kutembezwa chini ya dakika 30 kwa siku walikuwa na ugonjwa zaidi, wenye kutembea zaidi ya saa moja walikuwa nao kidogo. Na wenye kuachwa waruke kanape? Nao walikuwa nao kidogo!

Tusikimbilie. Sisi wenye tumepita kwenye viti vya iniversite tunajua kama kitu kutembea pamoja na kitu si kusema kimoja kimezaa kingine. Mbwa akishaumia, mwenyewe anamukataza kanape, kisha anajibu maswali: hapana, haruki. Kwa hiyo ile utafiti haisemi turushe mbwa madirishani. Lakini inavunja ile imani kama kukalisha mbwa tu njo kumulinda. Misuli ya mgongo inajengwa na kutembea. Mbwa wa kubebwa kila siku anakuwa mlaini, ananenepa, na unene ni adui, juu ule uzito wote unaning'inia kati ya miguu ya mbele na ya nyuma sawa daraja. Utafiti mwingine wa Uingereza wa 2013 ulipima maumbo: mgongo ukiwa mrefu kuliko kimo, hatari inapanda, na unene unaongeza tena.

Kwa hiyo kama kuna mwenye kuwa na tekeli kati yetu: umutembeze, umupimie chakula, ukimubeba shika kifua na matako pamoja, mgongo ubaki sawa. Akianza kukunja mgongo, kulia ukimugusa, ao kuyumba nyuma, umuzuie ndani ya nafasi ndogo siku ile ile na muite daktari. Wengi wanarudi kutembea kwa kupumuzika majuma kadhaa. Lakini kama hasikii tena hata ukifinya kidole kwa nguvu, ni saa zinahesabiwa, ni kisu.

Yote ile ni ya mwenye mbwa. Ya mwenye kuzalisha njo nzito. Mwaka wa 2009 watafiti wa Marekani waliona jeni moja iliyojinakili mara ya pili, kwenye kromosomu ya 18, yenye kufupisha miguu. Mwaka wa 2017 watu wa chuo kikuu cha Davis, California, waliona nakala ingine, kwenye kromosomu ya 12. Hii ya pili njo yenye kuharibu disiki. Kumbe miguu mifupi na mgongo mbovu si lazima vitembee pamoja! Mtu angesema: basi tuondoe ile ya 12, tubakie na ile ya 18. Shida ni kwamba karibu tekeli zote zinabeba ile ya 12. Ukiondoa wote wenye kuibeba, hakuna mbwa wa kubaki.

Nchi za kaskazini, Denmark na Finland na majirani, walichukua njia ya subira. Wanapiga radiografi ya mgongo wa tekeli akiwa na miaka 2 mpaka 4, wanahesabu disiki zenye zimekuwa chokaa, na mwenye nyingi hazalishwi. Ni kazi ya vizazi, haina picha nzuri ya kuweka Facebook, lakini naona njo ya akili kuliko zote. Ujerumani wenyewe, 2024, serikali ilipotoa mpango wa kukaza sheria ya kulinda wanyama, chama cha wafugaji kikapiga kelele kama tekeli itakatazwa kwao kwenyewe. Wizara ikajibu hakuna aina itakatazwa, ni mateso ya kuzaliwa nayo tu. Wakabishana.

Mbwa wetu wa hapa, basenji wa msitu, mwenye Waingereza walikuja kumuchukua miaka ya 1930, ana miguu mirefu na mgongo mfupi. Hakuna klabu ilimutengeneza.

Ile tekeli ya Bukavu ilipumuzishwa karibu majuma sita, ikatembea tena, kidogo kwa upande. Mshahara wa papa haukurudishwa.