Ngoma Ivumayo: Gitaa la Besi na Vyombo Vibovu Katika Muziki wa Dansi wa Nakuru na Bonde la Ufa

Utangulizi

Historia ya muziki wa dansi nchini Kenya imeandikwa aghalabu kwa kufuata majina ya waimbaji na ya wapigaji wa gitaa la solo. Mpigaji wa besi hutajwa mwishoni, kama atajwavyo dereva wa gari la arusi. Sababu moja ni kwamba kwa miaka mingi sauti yake haikuwafikia wachezaji kama alivyoipiga. Makala haya yanachunguza sababu hiyo, kwa kuutumia mtaa wa Bondeni mjini Nakuru kama mahali pa kusimama na kutazama. Hoja yake ni kwamba ubovu wa vyombo haukuwa bahati mbaya tu. Ulihusu swali la nani mwenye vyombo, na uliacha alama katika namna besi ilivyopigwa.

Vyombo, Stima na Besi

Katika Kiswahili sanifu, kitu cha kupigia muziki huitwa ala. Wanamuziki wa dansi wa Kenya na Tanzania, hata hivyo, husema vyombo. Neno hili ni pana: kuna vyombo vya nyumbani, na kuna vyombo vya baharini. Kwa watu wa bendi, vyombo si magitaa na ngoma peke yake, bali pia amplifaya, spika, vipaza sauti na nyaya za kuviunganisha. Bendi yenye vyombo ni bendi iliyo hai. Bendi isiyo na vyombo, hata ikiwa na wapigaji hodari kumi, ni kikundi cha watu wanaongoja.

Stima nalo ni neno lenye safari ndefu. Asili yake ni meli ya moshi. Nchini Kenya likawa jina la umeme. Gitaa la umeme lilipoingia, mwanamuziki alijikuta ana mabwana wawili wapya: mwenye vyombo na stima. Fundi Konde, aliyezaliwa mwaka 1924 na kutumikia katika kikosi cha burudani cha jeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alikuwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kulitumia gitaa hilo. Kabla yake na hata baada yake, wengi walipiga gitaa kavu. Wapigaji wa mtindo wa omutibo wa magharibi mwa Kenya, kama George Mukabi, walitosheka na chupa ya soda ikwaruzwayo kuweka mapigo. Huko Unguja, kidumbaki kilipata sauti yake nzito kutoka katika sanduku la mbao, fimbo na uzi mmoja. Sanduku hilo halikudai stima, wala halikuungua.

Sauti Nzito na Gharama Yake

Ili kufahamu mashaka ya mpigaji wa besi, ni lazima kwanza kueleza jambo la sayansi. Uzi mnene wa gitaa la kawaida hutoa mitetemo 82 hivi kwa sekunde. Ule wa gitaa la besi hutoa 41, yaani nusu yake. Sikio la binadamu ni zito kwa sauti za chini, na kwa hivyo sauti hizo huhitaji nguvu nyingi zaidi ili zisikike sawa na nyingine. Zaidi ya hayo, mitetemo inapopungua kwa nusu, karatasi ya spika hulazimika kwenda mbele na nyuma takriban mara nne zaidi ili kutoa ukubwa uleule wa sauti. Spika iliyotengenezwa kwa gitaa la kawaida haiwezi mwendo huo. Kwanza hukoroma, kisha hukwaruza, mwisho hupasuka.

Tatizo hili halikuanzia Afrika. Gitaa la besi la Leo Fender lilitoka Marekani mwaka 1951, na amplifaya yake, Bassman, ikafuata mwaka 1952. Ni kinaya kwamba amplifaya hiyo, katika umbo lake la mwishoni mwa miaka ya 1950, ilipendwa zaidi na wapigaji wa gitaa la kawaida, kwa sababu ya ule mkwaruzo wake ilipozidiwa. Lakini mpigaji wa London au Chicago aliyeshindwa na amplifaya aliweza kwenda dukani kutafuta kubwa zaidi. Mwenzake wa Nakuru alipiga kwa kile alichokikuta jukwaani.

Bondeni, Njia Panda ya Vumbi

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900. Sehemu kubwa ya ardhi iliyouzunguka mji ilitengewa walowezi, na Waafrika waliofanya kazi mjini walikaa katika mitaa yao, Bondeni ukiwa miongoni mwa ile ya kale. Watu wa makabila mengi walikutana hapo, na Kiswahili kikawa lugha ya ujirani. Kwa bendi, mji huu ulikuwa na faida ya pekee: barabara itokayo Nairobi hupita hapo kabla ya kugawanyika, moja ikielekea Kericho na Kisumu, nyingine Eldoret na mpaka wa Uganda. Bendi iliyosafiri kwenda magharibi haikuweza kuupita bila kuuona.

Lakini barabara ileile iliyoleta bendi ndiyo iliyoviua vyombo. Amplifaya za zamani zilitumia valvu za kioo, nazo hazikupenda kurushwarushwa juu ya lori. Jina la Nakuru hunasibishwa na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na vumbi likiingia ndani ya vifundo vya kupandishia sauti hutoa mchakato kila vinapozungushwa. Stima ya Kenya ni ya volti 240. Chombo cha Kimarekani cha volti 117, kikichomekwa bila transfoma ya kupunguza, huungua mara moja. Nje ya mji, katika vituo vya biashara, mara nyingi hapakuwa na stima kabisa. Mpango wa serikali wa kusambaza umeme mashambani ulianza mwaka 1973, nao ulikwenda polepole. Bendi ilitegemea jenereta, na jenereta dogo likizidiwa, umeme hupungua hasa pale besi inapodai nguvu.

Kuna jambo jingine. Pale palipokosekana spika za muziki, zilitumika honi za bati, kama zile za mikutano ya siasa. Honi hizo zimeundwa kwa ajili ya maneno, na sauti iliyo chini ya mitetemo mia mbili au tatu kwa sekunde haitoki humo. Hata hivyo watu walicheza. Sayansi ina maelezo: sikio likipata sauti za juu zinazofuatana na noti nzito, hulijaza lenyewe pengo la chini. Wachezaji waliisikia besi ambayo spika haikuitoa.

Mwenye Vyombo

Nchini Tanzania, bendi nyingi zilimilikiwa na mashirika. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi. Nchini Kenya, mwenye vyombo alikuwa aghalabu mtu binafsi: mwenye baa, mfanyabiashara, au kiongozi wa bendi aliyebahatika. Hapo ndipo ubovu wa vyombo unapogeuka kuwa swali la haki. Mwenye vyombo hakuona faida ya kununua spika ya besi iliyo ghali, maadamu bia iliuzwa. Mpigaji naye hakuweza kuhama na mkono wake pekee. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Naye alipanda jukwaani kila usiku amevaa ya kuazima.

Spika ilipopasuka, swali la kwanza lilikuwa nani atalipa. Methali isemayo ngoma ivumayo haikawii kupasuka kwa kawaida humwonya mwenye majivuno. Kwa mpigaji wa besi ilikuwa habari ya kweli kabisa: akipiga kwa nguvu ili asikike, anahatarisha mali ya mwingine, akipiga taratibu, huambiwa hajui kazi.

Kati ya wawili hao alisimama fundi wa redio. Yeye ndiye aliyeziba karatasi ya spika kwa gundi na kipande cha gazeti, akazungusha upya waya mwembamba ulioungua, na kuunganisha spika za asili mbalimbali. Kazi hiyo ilikuwa na hatari zake: spika mbili za ohmu 8 zikiunganishwa sambamba huwa mzigo wa ohmu 4, na amplifaya isiyoumudu mzigo huo huchemka. Pamoja na hayo, bila fundi huyo usiku mwingi wa dansi ungekwisha kabla ya saa nne.

Mkono wa Mpigaji

Je, ubovu huu uliathiri muziki wenyewe? Ni lazima kujihadhari. Benga haikuzaliwa na spika mbovu. Ilitoka Nyanza, ikiwa na mizizi katika nyatiti, na kwa kazi ya watu kama D. O. Misiani ikaenea hata kwa Wakamba, Wakikuyu na Wakalenjin. Lakini vyombo huchagua ni mbinu zipi zitakazodumu. Noti fupi iliyokatwa huichosha spika kidogo kuliko noti ndefu ya chini. Ufundi wa kupanda juu ya shingo ya gitaa, ukajibizana na solo, husikika hata penye spika dhaifu. Besi ya Tom Malanga katika Sina Makosa ya Les Wanyika, bendi iliyoundwa mwaka 1978, hutembea kama mwimbaji wa pili. Wimbo huo ungetambulika hata katika redio ndogo ya mkononi. Sahani za santuri nazo zilikuwa na mpaka wao, kwani sauti nzito mno hupanua mfereji na kula nafasi. Hivyo mbinu zilizofaa jukwaani zilifaa pia studio, iwe Nairobi au kwa Chandarana mjini Kericho.

Hitimisho

Vyombo viliboreka baadaye. Transista zilichukua mahali pa valvu, na spika zenye kuhimili mitetemo 41 zikapatikana. Lakini tangu miaka ya 1990, katika baa nyingi za Bonde la Ufa, bendi kamili ilianza kumpisha mwimbaji mmoja wa mugithi, mwenye gitaa na kinanda cha umeme, na kinanda hicho ndicho kipigacho besi. Nakuru ulitangazwa kuwa jiji mwaka 2021. Sauti nzito sasa inatikisa mabati ya Bondeni bila taabu, ila mtu aliyeitafuta kwa miaka thelathini kupitia spika za watu hayupo tena jukwaani.

Mtafiti wa muziki huu, basi, asiihukumu besi ya wakati ule kwa kile kilichosikika tu. Aulize pia chombo kilikuwa cha nani, kilibeba nini, na mkono wa mpigaji ulilazimika kuacha nini ili usiku ufike mwisho.