Mtopanga kabla ya Daraja

Waulize vijana wa kompyuta wa Mtopanga, hapa Mombasa, kazi yetu ya kuandika programu ilianza lini, wengi watakutajia 2009, mwaka nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa: TEAMS ikitokea Fujairah mwezi Juni, na SEACOM ikaanza kazi Julai. Sibishani nao. Kabla ya hapo intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti, na mtu wa huku akitaka XAMPP au masomo ya PHP alivuka Nyali hadi saiba ya mjini, akarudi nayo kwenye flashi. Ila mimi historia hii naihesabu kwa jambo jingine: programu zetu zilijua lini kwamba mteja amelipa?

Zile za mwanzo zilikuwa za madukani. Visual Basic 6, databezi ya Access na kompyuta kuukuu juu ya kaunta ya hadiwea. Zilijua saruji ya Bamburi, inayosagwa hapo jirani, imebaki mifuko mingapi, na fundi gani ana deni. Kuhusu pesa hazikujua kitu. Muuzaji alishika noti, akabonyeza kwamba imelipwa, na programu ikakubali. Kisha Machi 2007 Safaricom ikazindua M-Pesa, ikikaa ndani ya laini yenyewe, hata simu ya bei ndogo kabisa ikaweza. Haikupita miaka mingi, fundi akawa analipa akiwa bado juu ya jukwaa la ujenzi na kumtuma kijana na mkokoteni. Kompyuta yetu haikuona kitu.

Ndipo tukaanza kusoma meseji. Laini ya duka iliwekwa kwenye modemu ya USB, programu ya bure iitwayo Gammu ikazivuta meseji hadi MySQL, na PHP ikachambua: namba ya muamala, kiasi, jina, simu ya aliyetuma. Kazi hii ilitaka macho. Kiasi kiliandikwa Ksh1,500.00, na hata ukishaitoa ile Ksh, PHP ikipewa maandishi yaliyobaki iyageuze kuwa namba, husoma hadi kwenye mkato na kuishia hapo. Usipouondoa mkato kwanza, mteja aliyelipa elfu moja na mia tano anaandikiwa shilingi moja. Mwenye duka aliyechagua menyu ya Kiswahili alihitaji kanuni zake. Na ilibidi kuhakikisha kwanza meseji imetoka M-Pesa kweli, maana walaghai walijua kuyanakili maneno yale na kuyatuma kwa namba ya kawaida. Nukta ikihama katika meseji, hesabu inasimama, na ikiwa ni Jumamosi ya kulipa vibarua, simu yako haitulii.

Naiheshimu sana kazi ile. Hakuna aliyetufungulia mlango, na maduka yalifunga hesabu zao kwa programu hizo.

Lipa na M-Pesa ilikuja 2013. Mitambo ya M-Pesa ikahamishwa kutoka Ujerumani hadi Kenya mwaka 2015. Kabla ya hapo, malipo ya mfuko wa saruji Mtopanga yalikwenda Ulaya na kurudi. Halafu 2017 ikaja Daraja, mlango wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, na hapa ndipo naweka alama yangu. Mtu yeyote aliweza kujisajili, akapewa namba ya majaribio 174379, akaunganisha namba hiyo, ufunguo wa siri na saa ya wakati ule, akavisimba kwa base64, akatuma. Simu ya mteja inawaka ikiomba PIN. Jibu linarudi kwenye anwani yako: 0 amelipa, 1 salio halitoshi, 1032 ameghairi.

Anwani hiyo ndiyo iliyobadilisha lugha tunazotumia. Visual Basic ilikaa kwenye mashine ya duka, na mashine ya duka huzimwa jioni na haina anwani ya kudumu. Jibu la malipo linataka seva iliyo macho usiku kucha. Kwa hiyo kazi za malipo zikahamia PHP na Laravel, wengine Node. Git, ambayo Linus Torvalds aliianza 2005, ilikuwa ikisifiwa miaka mingi; wengi wetu tuliishika pale tu sehemu ya malipo ilipoanza kuandikwa na watu wawili, kwa sababu kubadilishana flashi kulikuwa kunafuta kazi ya mwenzako. Tukajifunza pia kwamba jibu laweza kuja mara mbili au lisije kabisa, basi namba ya muamala iangaliwe kabla ya kuandika chochote.

Vijana wanaotoka Swahilipot, kituo cha vijana wa teknolojia kule mjini karibu na Fort Jesus, wanakuja wakijua Python na JavaScript vizuri kuliko nilivyojua mimi umri wao. Akija mmoja kwangu, Daraja nampa wiki ya pili. Wiki ya kwanza nampa meseji mia moja za kubuni, zikiwemo za Kiswahili na za walaghai, aniletee jumla ya mauzo ya siku.