Urefu wa Ufunguo Si Kipimo: Historia ya RC4 na WEP kwa Mtazamo wa Onduparaka

Mkongo wa mawasiliano wa serikali ya Uganda ulifika Arua na Koboko mwishoni mwa muongo wa 2010. Wakati huo WEP, mfumo wa kwanza wa kulinda mitandao isiyotumia waya, ulikuwa umekwisha kuachwa rasmi tangu 2004. Mkazi wa Onduparaka anaweza kudhani kwamba historia hiyo haimhusu. Makala hii inadai kinyume: kosa lililouangusha WEP ni la aina ambayo kipimo kinachopendwa na wengi, yaani urefu wa ufunguo, hakiwezi kulifichua.

Ron Rivest alibuni saifa ya RC4 mwaka 1987, nayo ikabaki siri ya biashara hadi ilipovuja mwaka 1994. Ilipendwa kwa wepesi wake. Ufunguo huchanganya jedwali la thamani 256, kisha jedwali hilo hutoa mkondo wa baiti zinazounganishwa na ujumbe, baiti kwa baiti. Kwa kuwa mkondo mmoja haufai kutumika mara mbili, wabunifu wa WEP (1997) walitanguliza mbele ya ufunguo wa siri namba ya biti 24 inayobadilika katika kila pakiti. Namba hiyo ilisafiri bila kufichwa.

Mwaka 2001 Scott Fluhrer, Itsik Mantin na Adi Shamir walionyesha kwamba mchanganyo huo ni hafifu. Baadhi ya namba za wazi huifanya baiti ya kwanza ya mkondo idokeze baiti moja ya siri. Na kwa kuwa baiti ya kwanza ya ujumbe wenyewe kwa kawaida ilijulikana, msikilizaji alikusanya vidokezo, akapata baiti moja, akaitumia kuitafuta inayofuata. Kuongeza ufunguo kutoka biti 40 hadi 104 kulimwongezea mvamizi hatua nane tu za namna ileile. (Tangazo la "biti 128" lilihesabu hata zile 24 ambazo kila mtu aliziona.)

WPA ya mwaka 2003 iliendelea kutumia RC4 ili vifaa vilivyokwisha kununuliwa visitupwe. WPA2 ikaleta AES mwaka uliofuata. Mwaka 2007 Erik Tews, Ralf-Philipp Weinmann na Andrei Pyshkin waliupata ufunguo wa biti 104 kwa muda usiozidi dakika moja. Hata hivyo, RC4 haikupigwa marufuku katika itifaki ya TLS hadi 2015.

Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inamtaka anayetunza taarifa za watu azingatie taratibu za usalama zinazokubalika kwa ujumla. Mwaka 2000 WEP ulikuwa miongoni mwa zilizokubalika. Kwa hiyo mshauri wa sera anayepitia zabuni ya mtandao wa zahanati au shule huko West Nile ana maswali mawili ya kumuuliza muuzaji kabla ya kufika kwenye idadi ya biti: ufunguo wa siri unachanganywaje na kile kinachosafiri wazi, na kifaa kitaendelea kupokea marekebisho hadi mwaka gani?