Matende na Mabusha

Matende na mabusha ni dalili mbili za ugonjwa mmoja, unaoletwa na minyoo wembamba kama uzi na kuenezwa na mbu. Minyoo hao hukaa katika mishipa ya limfu, ile inayokusanya majimaji ya mwili na kuyarudisha kwenye damu. Mishipa ikiharibika, maji hutuama: mguu, mkono au titi huvimba, na kwa wanaume maji hujaa kwenye mfuko wa korodani. Aina tatu za minyoo husababisha hali hii. Wuchereria bancrofti ndiye chanzo cha takriban asilimia 90 ya maambukizi duniani, na ndiye wa Afrika Mashariki. Brugia malayi na Brugia timori ni wa Asia.

Mwaka 2000, Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha mpango wa kuutokomeza ugonjwa huu, watu wapatao milioni 120 walikadiriwa kuwa na vimelea. Milioni 40 kati yao walikuwa tayari na ulemavu: wanaume milioni 25 wenye mabusha, na watu milioni 15 wenye matende. Ni ugonjwa usioua haraka, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuachwa nyuma kwa muda mrefu huku malaria ikipewa fedha na vichwa vya habari.

Mnyoo na mbu wake

Mnyoo jike hufikia urefu wa sentimita 8 hadi 10, dume karibu nusu yake. Huishi miaka 6 hadi 8 wakiwa wamejisokota pamoja, na kwa wanaume hupendelea mishipa ya korodani. Ndiyo maana mabusha ni mengi kuliko matende. Jike huzaa mamilioni ya vijinyoo visivyoonekana kwa macho. Mchana vijinyoo hivyo hujificha katika mishipa midogo ya mapafu. Usiku, hasa kati ya saa 4 na saa 8, hutoka na kujaa kwenye damu iliyo karibu na ngozi, wakati uleule mbu wanapouma. Kwa miaka mingi watafiti walilazimika kuingia vijijini usiku wa manane kuwaamsha watu na kuwatoboa vidole. Siku hizi kipo kipimo cha tone la damu kinachomtambua mnyoo mzima saa yoyote.

Mbu akinyonya damu yenye vijinyoo, vijinyoo hivyo hupenya tumbo lake na kukua katika misuli ya kifua kwa muda wa wiki mbili hivi, kisha husogea hadi kwenye mrija wa kunyonyea. Havizaliani humo, kilichoingia kimoja hakiwi viwili. Wala havidungwi moja kwa moja kwenye damu. Huangukia juu ya ngozi na kutafuta njia kupitia kitundu alichoacha mbu, na vingi hukauka kabla ya kufika. Kwa hiyo mtu huhitaji kuumwa mara nyingi sana, kwa miezi na miaka, ndipo minyoo wapate kukaa na kuzaana mwilini. Mgeni wa siku chache hana hofu kubwa. Mzigo ni wa mwenyeji, aliyeanza kuumwa tangu utotoni na dalili zikaja kumtokea akiwa mtu mzima.

Vijijini kazi hii hufanywa na Anopheles, mbu walewale wa malaria. Katika miji ya pwani, kuanzia Mombasa na Tanga hadi Dar es Salaam na Unguja Mjini, mwenezaji mkuu ni Culex quinquefasciatus, anayezaliana katika maji machafu: vyoo vya shimo, makaro, mitaro iliyoziba. Palipo na mji usio na mfereji wa kupitishia maji taka, yeye hunawiri.

Pwani wapo wanaosema busha huletwa na madafu. Wengine husema mtu amerogwa, au amevuna alichopanda kwa zinaa. Hakuna hata moja lililo kweli. Mnazi na ugonjwa huu hukutana kwa sababu vyote viwili hustawi palipo na joto na unyevu, basi. Na maneno ya zinaa yamewaongezea wagonjwa fedheha wasiyostahili. Ieleweke pia kwamba si kila mguu uliovimba ni kazi ya mbu. Katika nyanda za juu za Ethiopia, Uganda, Rwanda na Burundi kuna tende linaloletwa na kutembea peku kwenye udongo wa asili ya volkano, na kinga yake ni viatu.

Ugunduzi

Vijinyoo vilionwa kwanza na daktari Jean-Nicolas Demarquay huko Paris mwaka 1863, katika maji ya busha la mgonjwa aliyetoka Cuba. Otto Wucherer aliviona kwenye mkojo nchini Brazili mwaka 1866, na Timothy Lewis akavikuta kwenye damu huko Calcutta mwaka 1872. Mnyoo mzima alipatikana Brisbane, Australia, mwaka 1876, mikononi mwa Joseph Bancroft. Jina la kisayansi la mnyoo limebeba majina ya Wucherer na Bancroft.

Lililobaki ni kujua jinsi vijinyoo vinavyotoka mwilini. Jibu lilipatikana mwaka 1877 katika bandari ya Amoy, kusini mwa China, ambako daktari wa Kiskoti Patrick Manson alikuwa akifanya kazi. Mtunza bustani wake, Hin Lo, alikuwa na vijinyoo vingi katika damu. Manson alimlaza katika kibanda maalumu, taa ikawashwa kando yake na mlango ukaachwa wazi kwa nusu saa ili mbu waingie. Kisha taa ikazimwa na mlango ukafungwa. Asubuhi mbu walikuwa wametua ukutani, matumbo yamejaa damu. Walikamatwa kwa bilauri, wakalevywa kwa moshi wa tumbaku, wakapasuliwa chini ya hadubini. Humo Manson aliviona vijinyoo vikibadilika umbo na kukua. Ilikuwa mara ya kwanza kuthibitishwa kwamba mdudu anayenyonya damu hulea kimelea cha binadamu, miaka 20 kabla ya Ronald Ross kuthibitisha jambo kama hilo kwa malaria. Katika sifa zote alizopewa Manson, yule aliyelala kibandani akiumwa na mbu hutajwa kwa nadra.

Manson hakufika mwisho. Alidhani mbu hufa majini na watu huambukizwa kwa kuyanywa. Mwaka 1900 George Carmichael Low alikuta vijinyoo ndani ya mrija wa mbu, na njia halisi ikajulikana.

Vyoo vya Makunduchi

Moja ya kazi nzuri kabisa za udhibiti ilifanyika kusini mwa Unguja. Mwaka 1988 wataalamu wa Zanzibar, pamoja na Chris Curtis na wenzake wa chuo cha tiba ya magonjwa ya kitropiki cha London, walimimina vyooni Makunduchi chembe nyepesi za plastiki, za aina inayotumika kufungashia vyombo vya umeme. Chembe hizo huelea na kutandaza tabaka juu ya maji. Kiluwiluwi hupanda kuvuta hewa na kukosa nafasi. Mbu jike naye hapati uso wa maji wa kutagia. Zilihitajika mara moja tu, zikaendelea kufanya kazi kwa miaka, kwa kuwa hazina sumu ya kuisha nguvu wala ya kuzoeleka na mbu. Wakazi walipewa pia dawa ya DEC. Kabla ya hapo karibu nusu ya watu waliopimwa walikuwa na vijinyoo kwenye damu. Baadaye walishuka hadi karibu mmoja kati ya kumi, na mbu wa kero usiku wakapungua, jambo ambalo kila mwenye nyumba aliliona mwenyewe. Inasikitisha kwamba njia hii haikuenea zaidi ya ilivyoenea.

Kingatiba

Mkakati mkuu wa leo ni kuwapa dawa wakazi wote wa eneo lenye maambukizi, wagonjwa na wasio wagonjwa, mara moja kwa mwaka. Dawa huua vijinyoo kwenye damu, mbu wakakosa cha kubeba, huku minyoo wakubwa wakizeeka na kufa. Hutakiwa angalau miaka 5 mfululizo, na asilimia 65 au zaidi ya watu wote wameze. Mwaka 1998 kampuni ya Merck iliahidi kutoa ivermectin bure kwa kazi hii, na SmithKline Beecham ikaahidi albendazole.

Mchanganyiko hutegemea nchi. Kenya hutumia DEC pamoja na albendazole. Tanzania hutumia ivermectin na albendazole, kwa sababu kuna maeneo yenye ugonjwa wa usubi, na DEC huweza kudhuru macho ya mwenye ugonjwa huo. Katika misitu ya Kongo hali ni ngumu zaidi: mtu mwenye mnyoo wa loa loa kwa wingi akipewa ivermectin anaweza kupoteza fahamu, hata kufa, hivyo huko hupendekezwa albendazole peke yake mara mbili kwa mwaka, pamoja na vyandarua.

Tanzania ilianza kisiwani Mafia mwaka 2000, chini ya uongozi wa Dkt. Mwele Malecela, aliyekuja kuongoza taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu na hatimaye idara ya magonjwa ya kitropiki yaliyoachwa nyuma katika Shirika la Afya Duniani, hadi kifo chake mwaka 2022. Zanzibar iligawa dawa visiwa vyote kuanzia 2001. Mgawa dawa hana mizani. Ana kijiti chenye alama. Asiyefika sentimita 90 hapewi ivermectin, na kadiri mtu anavyorefuka ndivyo vidonge vinavyoongezeka, kimoja hadi vinne. Wajawazito na wagonjwa mahututi huachwa.

Si kila mahali palienda sawa. Zipo kaya zilizokataa, zikiogopa kuwa dawa huondoa uzazi, na uvumi huo hushamiri dawa zinapokuja ghafla bila maelezo. Zanzibar ilisitisha ugawaji baada ya matokeo mazuri, kisha ukaguzi ukaonyesha kuwa maambukizi yanaendelea, ikabidi kuanza tena. Mwaka 2018 Kenya ilianza kutoa dawa hizo zote tatu, ivermectin, DEC na albendazole, kwa pamoja katika maeneo ya Lamu na Jomvu. Togo mwaka 2017 na Malawi mwaka 2020 zilithibitishwa kuwa zimeutokomeza.

Walio tayari wagonjwa

Kingatiba haiondoi tende wala busha lililokwisha kuota. Mguu hutunzwa kwa kuoshwa kila siku kwa maji na sabuni, kukaushwa vizuri hadi katikati ya vidole, kuinuliwa wakati wa kupumzika, kufanyishwa mazoezi na kuvishwa kiatu kisichobana. Homa na mitoki ya mara kwa mara hutokana zaidi na bakteria wanaopenya kwenye nyufa za ngozi, na mguu safi huzipunguza sana.

Busha huondolewa kwa upasuaji, na hospitali nyingi za wilaya zinaumudu. Mwenye baba au mjomba anayelificha chini ya msuli amfikishie habari hiyo, na ampeleke.